Jina, Hati na Fidia: Mtindio wa Ubongo Mbele ya Sheria

Katika mambo yaliyowashughulisha waganga na mahakimu kwa pamoja, ni machache yaliyoleta ubishi mrefu kama ulemavu uitwao mtindio wa ubongo. Ulemavu huu si maradhi ya kuambukiza, wala si maradhi yanayozidi siku hata siku. Ni athari ya dhara lililoupata ubongo wa mtoto ungali ukikua, ama tumboni mwa mama, ama katika saa za kuzaliwa, ama katika miaka ya mwanzo ya maisha. Dhara lenyewe halienei tena, lakini matokeo yake hudumu mpaka mwisho wa uhai. Mtu mmoja misuli yake hukakamaa hata asiweze kunyoosha goti. Mwingine viungo vyake huchezacheza pasipo amri yake. Wa tatu hutembea vizuri ila ulimi wake ni mzito. Wengine hupatwa na kifafa, na wengine huwa na upungufu wa akili; lakini wengi akili zao ni timamu, ijapokuwa watazamaji hudhani vingine.

Mzazi wa mtoto wa namna hii huwa na maswali mawili. La kwanza: jambo hili limetokana na nini? La pili: je, yupo anayepaswa kulijibu? Swali la kwanza ni la tabibu, na la pili ni la hakimu. Namna maswali hayo mawili yalivyofungamana yaonekana wazi katika historia ya Uingereza, na sheria iliyotokana nayo ikafika katika nchi zilizopokea sheria ya Kiingereza, zikiwemo za Afrika Mashariki. Katika historia hiyo limo jambo linalostahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha, nalo ni kwamba mara nyingi shauri lilisimama juu ya neno: neno lililoandikwa katika hati, au neno ambalo mama hakuambiwa.

Chanzo cha ubishi

Daktari William John Little alizaliwa London mwaka wa 1810. Utotoni alipatwa na ugonjwa uliomwachia mguu uliopinda. Mwaka wa 1836 alisafiri mpaka Hanover, Ujerumani, akakatwa kano ya kisigino na Daktari Stromeyer, na mguu ukanyooka. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameonja kilema, alijitolea kuwatibu vilema, na kwa jitihada zake ilianzishwa hospitali ya mifupa na viungo katika mji wa London.

Tarehe 2 Oktoba 1861 Little alisoma makala mbele ya Chama cha Madaktari wa Uzazi cha London, nayo ikapigwa chapa mwaka uliofuata. Alieleza habari za watoto wengi aliowaona wamekakamaa viungo, akaonyesha kwamba wengi wao walizaliwa kwa uchungu mzito, au kabla ya siku zao, au walichelewa kuvuta pumzi. Kwa maoni yake dhara lilitoka katika kuzaliwa kwenyewe. Aliongeza kwamba matabibu waliomtangulia walikuwa hawajaliangalia jambo hilo, ila Shakespeare alikuwa ameligusa alipomsawiri Mfalme Richard wa Tatu kuwa mtu aliyetoka tumboni kabla ya wakati wake na viungo vyake havijakamilika. Kwa muda mrefu baadaye ulemavu huu uliitwa ugonjwa wa Little.

Neno lililotumika zaidi baadaye, lenye maana ya kupooza kutokana na ubongo, lilienezwa na William Osler katika kitabu chake cha mwaka wa 1889. Ndipo akatokea mpinzani. Sigmund Freud, kabla hajapata sifa kwa elimu ya nafsi, alikuwa bingwa wa maradhi ya ubongo ya watoto. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1897 aliuliza kama Little hakuwa amegeuza mambo kichwa chini. Yawezekana, alisema Freud, kwamba uchungu mzito si sababu ya ulemavu. Huenda mtoto alikwisha dhurika tumboni, na ugumu wa kuzaliwa ukawa ni dalili tu ya dhara lililotangulia.

Ubishi huu ulikaa katika vitabu vya waganga kwa miongo mingi pasipo kuwagusa mahakimu. Lakini ulibeba mbegu ya mashauri yote yaliyofuata. Ikiwa Little alisema kweli, basi aliyezalisha aweza kuulizwa. Ikiwa Freud alisema kweli, hakuna wa kuulizwa.

Mlango wa mahakama wafunguka

Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 mzazi maskini wa Kiingereza hakuwa na njia ya kudai. Hospitali nyingi zilikuwa za sadaka, na mahakama zilisita kuzitwisha makosa ya madaktari wake. Tena wakili alitaka ujira, na maskini hakuwa nao.

Mambo matatu yalibadili hali hiyo. Mwaka wa 1948 Serikali ya Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa, na hospitali zikawa mali ya umma. Mwaka wa 1949 Bunge lilipitisha sheria ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Na mwaka wa 1951, katika shauri la Cassidy, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hospitali yawajibika kwa uzembe wa madaktari iliowaajiri. Tangu hapo mdai alikuwa na wa kumdai, na alikuwa na njia ya kumlipa wakili.

Hata hivyo mlango uliofunguliwa haukuwa mpana. Mdai hana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba daktari alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliuvunja, na kwamba kuvunjwa huko ndiko kulikoleta dhara. Mwaka wa 1957, katika shauri la Bolam, Jaji McNair aliwaeleza wazee wa baraza kwamba daktari si mzembe ikiwa alitenda kwa namna inayokubaliwa na kundi la madaktari wenye ujuzi, hata kama kundi jingine lingetenda vingine. Shauri hilo lilihusu mgonjwa wa akili aliyevunjika mifupa alipotiwa umeme, wala halikuhusu uzazi. Lakini kipimo chake kilitumika katika mashauri ya uzazi kwa miaka mingi, na matokeo yake yalikuwa kwamba madaktari ndio waliopima madaktari. Mwaka wa 1997 tu, katika shauri la Bolitho, ndipo Baraza la Malodi lilipotamka kwamba maoni ya mabingwa hayana budi kusimama kwa hoja, na kwamba hakimu ana haki ya kuyakataa yasiposimama.

Shauri la Whitehouse

Shauri lililoyakutanisha maswali haya yote ni lile la Whitehouse na Jordan. Mwezi wa Januari 1970, katika hospitali moja ya Birmingham, mama mfupi wa kimo alishikwa na uchungu mrefu. Daktari alijaribu kumtoa mtoto kwa koleo la kuzalishia, akavuta mara tano au sita kwa kufuata uchungu, kisha akaliacha koleo akampasua mama. Mtoto alitoka hai, lakini ubongo wake ulikuwa umedhurika vibaya.

Swali mbele ya mahakama lilikuwa hili: je, daktari alivuta kwa nguvu mno na kwa muda mrefu mno? Mama alieleza alivyohisi, kwamba mvuto ule ulimwinua kitandani. Daktari alikana. Katika hali hiyo macho ya wote yaligeukia hati. Bingwa mkuu wa idara alikuwa ameandika taarifa baada ya uzazi, na ndani yake lilikuwamo neno la kitabibu lenye maana ya kwamba kichwa cha mtoto kilikwamuliwa kabla ya upasuaji. Jaji wa kwanza alisoma neno hilo akahoji: kilichokwamuliwa si kilikuwa kimekwama? Na kikiwa kilikwama, si kwa sababu kilivutwa kupita kiasi? Alimpa mtoto fidia ya pauni 100,000. Madaktari walijibu kwamba katika lugha ya kazi yao neno hilo lina maana nyepesi zaidi, yaani kukisukuma kichwa kidogo ili kipate nafasi. Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu kwa wingi wa sauti, jaji mmoja akipinga. Mwezi wa Desemba 1980 Baraza la Malodi lilithibitisha kutenguliwa huko. Mtoto alikuwa amekaribia umri wa miaka 11, na hakupata kitu.

Katika Mahakama ya Rufani Lord Denning alisema kwamba kosa la uamuzi wa mtaalamu si uzembe. Baraza la Malodi, ijapokuwa lilikubali matokeo, lilisahihisha msemo huo: kosa la uamuzi laweza kuwa uzembe au lisiwe, kulingana na kwamba daktari mwenye ujuzi na uangalifu wa kawaida angeweza kulitenda au la. Masahihisho haya ni ya sheria na ya lugha pia, kwani laiti msemo wa Denning ungeachwa, jina jema la kosa lingetosha kulifuta kosa.

Elimu yageuka

Wakati mashauri yakiongezeka, elimu ya uganga ilikuwa ikirudi upande wa Freud. Nchini Marekani, tangu mwaka wa 1959 hadi katikati ya miaka ya 1960, wataalamu walifuatilia mimba zaidi ya 50,000 katika hospitali 12, kisha wakawapima watoto waliozaliwa. Mwaka wa 1986 Karin Nelson na Jonas Ellenberg walitangaza matokeo yaliyoonyesha kwamba sehemu ndogo tu ya mtindio wa ubongo ilitokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Sababu nyingi zilikuwa za kabla: mtoto njiti, maambukizo, kasoro za maumbile, au zisizojulikana.

Katika miaka hiyohiyo mashine ya kuandika mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni ilienea. Ilitumainiwa kwamba mtindio wa ubongo ungepungua. Upasuaji wa uzazi uliongezeka sana, lakini ulemavu haukupungua kama ilivyotumainiwa. Hata hivyo ule ukanda wa karatasi uliotoka mashineni ukawa ushahidi mkubwa mahakamani. Mabingwa wawili waliweza kuutazama ukanda mmoja, mmoja akasema hapa palipasa kupasuliwa, na mwingine akasema hapa hapakuwa na hatari.

Basi isidhaniwe kwamba elimu hii iliwafutia wazazi madai yao. Sehemu ndogo si sifuri. Wapo watoto waliodhurika kwa sababu mkunga hakusikiliza moyo, au daktari hakuja alipoitwa, au umanjano wa mtoto mchanga uliachwa bila tiba. Kazi ya wakili na mabingwa ni kuwatambua hao miongoni mwa wengine, na kazi hiyo haiwezekani pasipo hati.

Neno ambalo mama hakuambiwa

Shauri la Montgomery lilitoka Scotland. Mama, mfupi wa kimo na mwenye ugonjwa wa sukari, alijifungua mwezi wa Oktoba 1999. Watoto wa akina mama wenye sukari mara nyingi huwa wakubwa, na mabega huweza kukwama baada ya kichwa kutoka. Kwa mama wa hali yake uwezekano huo ulikuwa asilimia 9 hadi 10. Mama alikuwa ameeleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa mtoto. Daktari hakumwambia habari ya mabega, kwa kuwa aliona hatari ya dhara kubwa kwa mtoto ni ndogo, na kwamba akina mama wakiambiwa watachagua kupasuliwa. Mabega yalikwama. Zilipita dakika 12 tangu kichwa kutoka mpaka mtoto kutolewa, na kwa kukosa hewa mtoto akapata mtindio wa ubongo.

Mahakama za Scotland zilimkatalia mama mara mbili kwa kipimo cha Bolam. Tarehe 11 Machi 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji saba kwa kauli moja, ilimpa haki. Ilitamka kwamba daktari ana wajibu wa kumweleza mgonjwa hatari ambayo mtu aliye katika hali yake angeiona kuwa na uzito, pamoja na njia nyingine zilizopo. Na kwamba maelezo hayana budi kuwa ya kueleweka, maana kummiminia mtu maneno ya kitaalamu na kumpa karatasi ya kutia sahihi si kumweleza. Fidia ilikuwa pauni milioni 5.25, za kumtunza mtoto maisha yake yote.

Tofauti ya mashauri haya mawili ni kubwa. Katika la kwanza maneno ya mama juu ya alivyohisi yalishindwa na maneno ya mabingwa. Katika la pili sheria ilikiri kwamba mama naye ana sehemu katika uamuzi.

Wenye ulemavu wenyewe

Historia ya mahakama ni historia ya watoto, kwa sababu shauri huletwa mtu angali mdogo. Lakini mtoto huwa mtu mzima, na maisha yake hupita mbali kuliko hukumu. Earl Carlson, Mmarekani aliyezaliwa na ulemavu huu mwaka wa 1897, alisoma mpaka akawa daktari, akaandika habari za maisha yake mwaka wa 1941. Christy Brown, aliyezaliwa Dublin mwaka wa 1932, hakuweza kutumia kiungo ila mguu wa kushoto. Kwa mguu huo aliandika kitabu chake cha mwaka wa 1954. Wengi walikuwa wamemdhania hana akili, isipokuwa mama yake. Christopher Nolan, Mwairishi pia, aliyekosa hewa alipozaliwa mwaka wa 1965 na ambaye hakuweza kusema, alipata tuzo kubwa ya vitabu ya Whitbread ya mwaka wa 1987.

Mwaka wa 1952 wazazi watatu na mtumishi mmoja wa ustawi wa jamii walianzisha chama London kwa ajili ya watu hawa, wakakipa jina la kitabibu lenye maana ya waliokakamaa. Jina hilo liliingia midomoni mwa watoto wa shule likageuka tusi, hata mwaka wa 1994 chama kikalazimika kuliacha na kujiita Scope.

Linabaki tatizo ambalo fidia haikuliondoa. Watoto wawili walio na ulemavu uleule na mahitaji yaleyale, mmoja aliyedhurika kwa koleo na mwingine kwa maradhi ya tumboni, hawatoki mahakamani sawa. Wa kwanza, akiwa na hati njema na wakili hodari, aweza kupata mali ya kumtunza. Wa pili hapati kitu. Tume ya Kifalme iliyotoa taarifa mwaka wa 1978 chini ya Lord Pearson iliona dhuluma hiyo, ikapendekeza posho kwa kila mtoto mwenye ulemavu mkubwa bila kuuliza sababu. Nyuzilandi ilikuwa imekwisha anza mwaka wa 1974 kulipa walioumia pasipo kutafuta mwenye kosa. Japani ilianza mwaka wa 2009 mpango wa watoto wenye mtindio mkubwa wa ubongo unaohusiana na uzazi: familia hulipwa yeni milioni 30 bila kuthibitisha uzembe, kisha wataalamu huchunguza kila tukio na kuandika taarifa ili kosa lisirudiwe.

Afrika Mashariki na lugha ya Kiswahili

Kenya na Tanzania zilirithi sheria ya Kiingereza ya madhara, na hukumu za London husomwa katika mahakama zake kama hoja, si kama amri. Katika nchi zote mbili muda wa kawaida wa kufungua madai ya madhara ni miaka 3, ijapokuwa watoto wana kanuni zao; na anayetaka kuishitaki Serikali ya Tanzania hana budi kutoa notisi ya siku 90. Kwa hiyo mzazi anayengoja aweza kuikuta haki yake imefungwa. Sheria za msaada wa kisheria za Kenya ya mwaka wa 2016 na za Tanzania ya mwaka wa 2017 zimekusudiwa watu wasio na ujira wa wakili.

Sababu za ulemavu nazo zina sura yake katika nchi hizi. Pamoja na uzazi mgumu, malaria ya ubongo, uti wa mgongo na umanjano usiotibiwa huacha watoto wengi na mtindio. Lakini hati iliyo muhimu kuliko zote katika chumba cha uzazi ilitoka Afrika yenyewe: patografu, yaani mchoro wa maendeleo ya uchungu wenye mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, uliotungwa na Philpott na Castle katika Rhodesia na kutangazwa mwaka wa 1972, kisha ukaenezwa na Shirika la Afya Duniani. Mkunga anayeujaza mchoro huo saa kwa saa anamlinda mama, na anajilinda mwenyewe pia siku atakapoulizwa.

Yabaki maneno. Mtindio wa ubongo katika matumizi ya Tanzania hutajwa kwa ulemavu wa viungo utokao katika ubongo, na pengine kwa upungufu wa akili. Mtoto wa akili timamu akiandikwa kwa jina hilo huweza kunyimwa shule. Neno uzembe katika mazungumzo ya kila siku ni tuhuma ya uvivu, ambapo sheria yaweza kumwita mzembe hata daktari aliyekesha kazini bila kulala. Kwa sababu hiyo madaktari hulipokea shitaka kama tusi, na maelezo ambayo mzazi angeridhika nayo hayatolewi. Idhini ni ruhusa, nayo hupatikana kwa sahihi. Ridhaa ni kukubali kwa moyo wa mtu aliyekwisha kuelewa. Shauri la Montgomery lilitaka ridhaa, na karatasi nyingi za hospitali hutoshelezwa na idhini.

Kuyatenga maneno haya katika kamusi na katika fomu za hospitali ni kazi ya wana lugha. Mama anayeelezwa hatari kwa Kiswahili alichokizoea aweza kuchagua kabla ya dhara, na baada ya dhara aweza kumweleza wakili kilichotokea kwa maneno ambayo hakimu hatayasoma vingine.